Karatasi ya Alama Niliyokwenda Nayo Sydney

Ndugu zangu wa kijiweni,

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza habari za Sydney, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba kule kuna baridi. Hilo ni kweli, ila si jibu. Juzi Sefu alisema nimerudi na mdomo mzito kama mtu aliyetoka mazikoni, mkacheka. Nimeona niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitaruka mahali pabaya, nanyi mtaniacha niruke kwa heshima ya mvi zangu.

Habari za pasipoti na viza sitazisema. Zilichosha, zikaisha.

Mnamjua binti yangu Yustina, aliyeolewa na Donasiani, yule Mrundi wa kambi ya wakimbizi, wakapelekwa Australia na mtoto wao mchanga. Mnayakumbuka pia, ingawa hamyataji mbele yangu, yale mashindano ya kwaya, kabla hawajaondoka, niliyokuwa jaji mkuu. Mama yake Yustina alikuwa na miezi miwili kaburini. Yustina ndiye aliyeongoza kwaya ya kigango chetu, na wimbo aliutunga mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Kwenye ubeti wa tatu sauti ikamkatika, kwaya ikayumba. Nilikata alama. Kisha nikashika kipaza sauti nikaeleza mbele ya watu wote: "Kiongozi amezama katika hisia zake, akaisahau kwaya." Walikosa ushindi kwa alama mbili.

Mlinipongeza. Mlisema huyu ndiye jaji, hapendelei hata damu yake. Nilitembea wiki nzima nimenyoosha shingo. Yustina hakuimba tena, si kanisani wala jikoni.

Kwa hiyo mnielewe. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kumwomba mwanangu msamaha, kabla mmoja wetu hajatangulia.

Kigoma hadi Dar es Salaam

Treni iliondoka vizuri. Tulipoipita Tabora ikasimama kwenye kituo kidogo, tukaambiwa behewa la mizigo limeacha reli mbele yetu. Tulikaa pale kutwa. Watu walishuka, wakafua, wakaanika nguo kwenye miiba.

Mbele yangu alikaa mama mmoja muuza migebuka, samaki wa ziwa letu, anakwenda Morogoro kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alinipa samaki na muhogo wa kuchemsha bila kuniuliza kama nina njaa. Mgeni wa safarini huambiwa mambo ambayo ndugu hafichuliwi, basi nikamweleza.

"Umepanga useme nini?" akaniuliza.

Nikamsomea hotuba yangu. Nilikuwa nimeitunga tangu nyumbani: kanuni za mashindano zilivyokuwa, majaji wenzangu wawili walivyonitazama, jinsi watu wangesema nimempendelea.

Alitoa mwiba mdomoni, akautazama. "Hiyo ni hotuba ya mgeni rasmi. Mzee wangu, ukianza na sababu, umeshajitetea. Anayejitetea haombi kitu."

"Sasa nianzeje?"

"Sema, mwanangu nimekukosea. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, si kusema."

Niliona ni jambo jepesi. Nikafuta sababu zote kichwani. Alipoteremka Morogoro, nilikuwa nimesharudisha mbili.

Angani

Kutoka Dar tulipitia Doha, na kutoka Doha ni usiku na mchana vimeshonwa pamoja. Binti wa ndege aliponisogezea chakula mara ya kwanza nilikataa, nikidhani kinalipiwa. Mara ya pili nikakataa tena ili nisionekane mtu wa kubadilika. Jirani yangu, Mhindi mzee kama mimi, aliniona ninavyomtazama akila. Alinipa mkate wake bila neno, akanionyesha kwa kidole kwamba ni bure, kila kitu ni bure. Nilikula mkate ule huku nimegeukia dirishani.

Nawaambia hili dogo ili mlijue kubwa. Mimi nikishasema hapana, hata tumbo langu mwenyewe silirudii.

Uwanja wa ndege hadi Quakers Hill

Yustina alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, maharage ya njano ya kwetu. Nilikuwa nimemfungia vizuri, nimeyachambua mwenyewe punje kwa punje. Uwanjani mkaguzi aliyevaa glavu aliyafungua, akatikisa kichwa kwa upole, akanieleza kitu kuhusu mbegu na magonjwa ya mimea. Nikamwambia oke, oke. Akayatia kwenye pipa.

Donasiani alikuwa zamu kwenye ghala la Smithfield, kwa hiyo Yustina alikuja peke yake. Amenenepa kidogo, na ana mvi pembeni. Alinipigia goti pale pale mbele ya Wazungu, akanipokea begi, akauliza maharage.

"Wameyatupa."

"Hukuwaambia chochote? Wengine huwa wanawaeleza, wanaita msimamizi."

"Ni sheria yao, mwanangu. Sheria ni sheria."

Alinitazama kidogo. "Ndiyo, Baba," akasema, akasukuma toroli.

Tulikuwa garini karibu saa nzima, sisi wawili, hadi Quakers Hill, mtaa wanakoishi. Mama wa migebuka angesema hapo ndipo. Barabara ilikuwa pana na tulivu. Nilimuuliza bei ya nyumba, nikamuuliza ile miti inaitwaje. Tulipofika nikajiambia, kesho.

Quakers Hill: watu wa mizunguko na watu wa mikono

Mjukuu wangu Eliya ana miaka kumi na tisa. Anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa kama watu wawili wanaorushiana mpira mmoja juu ya ukuta. Yeye huteleza barafuni. Yustina alipofika kule alipata kazi ya kusafisha ukumbi wa barafu, na mtoto akawa anamwachia atelezeteleze wakati yeye anapiga deki. Mwalimu mmoja akamwona. Sasa Eliya ni mshindani wa daraja la wanaume, na siku nyingine hulipwa kunoa vyuma vya viatu vya wateja.

Mimi nilidhani ni mbio. Siku ya kwanza nilimuuliza kama huwa anafika wa ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilielimishwa Jumamosi. Saa ya chakula cha mchana walikuja watu wawili wa kanisani kwao, ambao humshabikia Eliya kila aendako: Kalala, Mkongo wa Bukavu, dereva wa malori ya makontena bandarini Port Botany, na Mama Inesi, Mrundi anayehudumia wazee wa Kizungu majumbani. Alileta sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na tulipokwisha kubishana jina tukaila. Kisha wakafungua televisheni, mashindano ya wanaume ya dunia, marudio. Wote walikuwa wanajua nani alishinda. Walikuja kugombana tu.

"Muone huyu, Muzee," Kalala akaniambia, akinyoosha vidole vinne. "Atazunguka mara ine hewani. Ine. Wewe ukijaribu moja, tutakuokota."

Kijana aliruka, akazunguka, akaanguka kwa makalio. Akainuka, akaruka tena, akaanguka tena. Akawa wa kwanza. Aliyefuata hakuanguka popote, mikono yake ilikwenda na kinanda kama inakipiga yenyewe, na miruko yake ilikuwa ya mizunguko mitatu. Akawa wa pili.

"Ni wizi," akasema Mama Inesi.

"Si wizi, ni hesabu. Mizunguko ine iko na pointi mingi. Hata ukianguka wanakukata kidogo, unabakia na ingine. Miye nikileta makontena makumi matatu, moja ikapata kikwaruzo, bosi ataniacha, achague mwenye alileta kumi inang'ara?"

"Kalala, wewe unaangalia watu kama makontena. Huyu alituambia kitu. Yule alituambia nini? Kwamba ana magoti?"

"Anatuambia anaweza."

"Na mimi wazee wangu," Mama Inesi akasema, "naweza kuwaogesha sita kwa asubuhi moja. Au nimwogeshe mmoja mpaka acheke. Ofisini wanaandika wale sita."

"Ona, hata ofisi yako inakubali na miye."

Eliya alikuwa anacheka kwenye mkeka. Aliniuliza jambo, na Donasiani akatafsiri: "Anasema Babu aamue. Mama yake alimwambia zamani ulikuwa jaji."

Yustina alikuwa anafuta meza. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

Ndugu zangu, hapo ningeweza kusema sijui. Badala yake nilivaa miwani. Niliwaeleza kwa nusu saa. Niliwaambia hisia hazina kipimo, kwamba leo zitampa huyu na kesho zitampa mpwa wa jaji. Kwamba kanuni ni ukuta wa mnyonge. Kalala akanishika mkono, akaniita Muzee Jaji, na Mama Inesi akasema anaanza kunionea huruma. Nilifurahi. Ilikuwa muda mrefu sijaulizwa kitu. Nilipogeuka, Yustina hakuwepo, na maji yalikuwa yanamwagika jikoni.

Nilikwenda, nikasimama mlangoni. Alikuwa anaosha sufuria ile ile iliyokwisha takata. Nilisema, "Sombe ilikuwa nzuri." Akasema, "Mama Inesi atafurahi ukimwambia mwenyewe." Hivyo tu. Nilikaa wiki tatu katika nyumba ile, na kila siku ilikuwa na mlango wa namna hiyo, nami kila siku nilisifu chakula.

Ukumbi wa barafu

Siku ya mashindano tulikwenda kwa gari la Donasiani; Kalala na Mama Inesi walikuja kwa treni. Ukumbini kuna baridi kuliko nje. Mama Inesi alinifunika blanketi la wazee wake, akaniambia nikae katikati yake na Kalala ili niwatenganishe. Wawili wa kwanza wangepata nafasi ya kwenda mashindano ya taifa. Yustina alikaa safu ya chini yetu, peke yake, mikono katikati ya magoti.

Mfukoni nilikuwa na kalamu na daftari. Naapa sikuvichukua kwa nia. Nimebeba kalamu kwenye mfuko wa shati maisha yangu yote, kama mwingine anavyobeba rozari. Lakini mshindani wa kwanza alipoingia nilipiga mistari kwenye karatasi bila kufikiria, na kwa sababu sikujua mafungu ya barafu niliandika mafungu ninayoyajua: Sauti, Mavazi, Nidhamu jukwaani, Ujumbe. Nikakata "Sauti", nikaandika "Muziki".

Kalala aliona, akanigonga kiwiko. "Muzee Jaji yuko kazini."

Eliya aliingia wa nne. Shati jeusi, halina nakshi. Mruko wake mkubwa, ule wa mizunguko mitatu na nusu, ulikuwa mwanzoni. Aliruka, akaanguka ubavuni, akateleza mpaka kwenye ukuta. Nilisikia kishindo.

Aliinuka. Muziki ulikuwa umemwacha nyuma. Mbele yake ulikuwa mruko mwingine mkubwa, na Kalala alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini, "Ruka, mwana, ruka tu, hata ukianguka, bado iko na pointi." Hakuruka. Alipita mahali pa kurukia akiteleza kwa mguu mmoja, polepole, mikono imefunguka kama mtu aliyebeba kitu ambacho hakipo. Alizunguka ukumbi mzima hivyo. Nadhani alisahau kwamba kuna majaji. Mama Inesi alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, na safu ya chini mabega ya Yustina yalikuwa yanatikisika.

Nami najua haya kwa sababu niliambiwa baadaye. Wakati huo niliinama. Nilikuwa naandika.

Alama zilipotoka, alikuwa wa tatu. Aliyepata nafasi ya pili alianguka mara mbili, lakini aliruka kila alichotakiwa kuruka.

Tulikunywa chai kwenye mgahawa wa ukumbi, na mabishano yakaanza hata kabla sukari haijayeyuka.

"Kontena moja imebakia kwenye meli," Kalala akasema kwa huzuni ya kweli. "Angeruka. Angeanguka. Angekuwa wa pili."

"Na wewe ungelia kama nilivyolia?"

"Miye nililia. Nililia juu ya pointi."

Yustina alisimama, akasema twende, mtoto amechoka.

Njiani kurudi

Donasiani aliendesha, Eliya mbele na barafu ya mfuko ubavuni, mimi na Yustina nyuma. Kalala na Mama Inesi walirudi kwa treni. Kisha Eliya aligeuka akaniuliza kitu, akitabasamu, mtoto mzuri yule, akitaka kunichangamsha mimi.

"Anauliza," Donasiani akasema, "Babu ungempa ngapi?"

Nilitoa karatasi. Mkono wangu ulitoka mfukoni wenyewe, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama ana kiberiti. Eliya alijaribu kusoma mwandiko wangu, akashindwa, akampa mama yake.

Yustina aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma. "Muziki, kumi na tano kati ya ishirini. Mavazi, kumi na sita. Nidhamu jukwaani, kumi na moja. Ujumbe, tisa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anasoma orodha ya sokoni. Chini ya mafungu, kama ilivyo desturi ya karatasi zetu, kulikuwa na mstari wa maoni ya jaji. Aliusoma kwa macho.

Mimi nilikuwa nimesahau nilichoandika. Niliinama kuangalia. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi zangu zilizonyooka: Amezama katika hisia zake, akausahau mruko.

Gari lilipita taa mbili. Yustina alikunja karatasi mara moja, akaikunja tena, akaiweka juu ya goti langu.

"Baba," akasema. "Ulikuja na kalamu."

Eliya akauliza Babu ameandika nini. Yustina akamjibu kwa Kiingereza, maneno machache, na mtoto akacheka, akageuka mbele. Siku ya pili Donasiani aliniambia alichosema. Alimwambia: Babu ameandika kwamba umeanguka mara moja, na kwamba umeinuka vizuri.

Kurudi

Niliondoka siku tano baada ya mashindano. Yustina alinipeleka uwanjani. Tulikuwa kwenye foleni ya kupima mizigo, mbele yetu familia ya watoto wengi, na niliona kwamba kama si sasa basi ni kwenye simu, na kwenye simu sitaweza.

Nikasema, "Yustina, mwaka ule, unajua, tulikuwa majaji watatu, na watu walikuwa wanatazama..."

Nilijisikia. Nilimwona mama wa migebuka akitoa mwiba mdomoni. Nikakatisha, nikasema, "Nimekukosea, mwanangu."

Na hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Nilinyamaza, kwa mara ya kwanza. Foleni ilisogea. Yustina aliliinua begi langu, akaliweka kwenye mzani, akasoma uzito, akamjibu karani mambo mawili matatu. Kisha akanigeukia, akaniweka sawa kola ya koti.

"Nimesikia, Baba," akasema.

Sefu, wewe ni mtu wa maneno, utaniambia kusikia ni nusu ya kusamehe. Mimi nimekaa na neno lile angani, nimekaa nalo kwenye treni siku mbili, na sidhani. Jaji husikia kila wimbo.

Kuna jambo nililomuuliza pale mlangoni, mlinzi akiwa tayari ameshanyoosha mkono kupokea pasi yangu. Nilimwomba anitajie maneno ya ubeti wa tatu. Alifikiri kweli, niliona anajaribu. Akasema ameyasahau, kwamba hakuwahi kuyaandika, na siku ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Njia nzima nilijaribu kuukumbuka wimbo. Ubeti wa kwanza ninao. Wa pili ninao nusu, mahali pa mama na kibatari. Kwenye wa tatu sina kitu. Naikumbuka alama, ilikuwa sitini na moja. Naikumbuka hata kalamu, ilikuwa ya bluu na ilikuwa inavuja. Nikiwaambia siku ile niliinama ili watu wasione macho yangu, nitakuwa nimeanza tena na sababu. Niliinama kwa sababu nilikuwa naandika.

Nimewasimulia yote haya kwa ajili ya ombi moja. Wengi wenu mlikuwepo siku ile, mmekaa kwenye mabenchi, hamna kazi yoyote isipokuwa kusikiliza. Kama kuna mmoja kati yenu anayekumbuka mwanangu aliimba nini kabla sauti haijamkatika, hata maneno mawili, aje nyumbani aniambie. Nitakaa mikono mitupu.